Usiku namwandikia mwanangu kazi za shule kwa siri. Sasa wanataka kuona daftari lake

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao amelala. Naomba jina langu usilitaje.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la nne. Nitamwita Amani, ingawa si jina lake. Ukimsikia akizungumza utapenda. Anasimulia hadithi zenye kichwa na miguu, anazijua sayari zote kwa mpangilio, na mkibishana atakushinda kwa hoja. Shida inaanza akishika penseli. Herufi nyingine zinaelea juu ya mstari, nyingine zimezama chini yake. Neno moja analikata vipande vitatu, kisha maneno mawili yanayofuata anayagandisha pamoja. Anakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka, na akifika mstari wa tatu anaanza kuukung'uta mkono na kuniambia, "Mama, unawaka moto." Kazi ambayo dada yake mdogo anaimaliza kwa dakika kumi, yeye inamla saa nzima, na hapo amefuta mara nyingi hadi ukurasa umekuwa mweusi.

Mwalimu wake si mtu mbaya, ila ana darasa kubwa. Anaandika kwa kalamu nyekundu, "Mwandiko mbaya. Rudia." Amani anarudia. Nakala ya tatu huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mwaka jana walipewa insha ya "Baba yangu." Amani huwa anachanganya b na d, na siku hiyo aliandika ukurasa mzima "Dada yangu." Dada yangu ni dereva, dada yangu ana ndevu. Mwalimu aliisoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia kumwaibisha, na darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za insha.

Sasa naungama. Usiku mmoja alilala juu ya daftari huku amebakiza nukuu za kurasa mbili. Nilimbeba kitandani, nikaketi nikazimaliza. Mwandiko wangu ni mzuri mno, ungenifichua, kwa hiyo nikaandika kwa mkono wa kushoto ili ufanane na wa mtoto. Ilinichukua zaidi ya saa moja. Nilidhani ni mara moja tu. Leo ni mwaka mzima. Tuna madaftari mawili: moja ninaloandika mimi, ndilo linalokwenda kwa mwalimu, na jingine lake mwenyewe liko kwenye droo chini ya nguo zangu. Mwalimu ameandika, "Umeanza kujitahidi." Amani aliponionyesha maneno hayo hakutabasamu.

Kwenye mitihani siwezi kumsaidia, na huko anaanguka. Shule ikashauri aonwe na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, wale ambao wengine huwaita wa tiba kazi. Nilimpeleka bila kumwambia baba yake. Mtaalamu alicheza naye mpira kidogo, akampa vifungo avifunge, akamwambia aandike. Kisha akafungua daftari nililokuja nalo, akatazama alichoandika Amani pale mbele yake, akatazama daftari, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Aliniomba tu nikirudi nije na madaftari yake yote ya muhula uliopita. Anataka kumwona mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kila siku nyumbani. Akasema pia huenda shule ikamruhusu aongezewe muda kwenye mitihani, au atumie kompyuta kwa baadhi ya kazi.

Nilipomweleza mume wangu, alisema mtoto wake si mgonjwa. "Mimi nilichapwa mpaka nikanyooka," akasema, na kwamba kompyuta ni kumfundisha mtoto kukata tamaa. Si mtu mkali, Shangazi, ila ni mtu wa kazi za mikono, mambo ya karatasi hayamkai. Hata fomu za benki na za shule huniachia mimi nijaze, yeye anatia saini.

Na Amani mwenyewe hataki kurudi kule. Aliniuliza, "Kwani wewe si utaendelea kuniandikia?" Sikuwa na jibu.

Nifanye nini? Niwaambie ukweli mtaalamu, mwalimu, mume wangu? Tuhangaike na hayo mazoezi miezi na miezi, au tumwachie tu kompyuta yaishe? Na je, mimi ndiye niliyemharibu?

Mama wa Madaftari Mawili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa hizo saa za usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale ulipoandika kwa mkono wa kushoto. Umelitaja jambo hilo kama ushahidi wa kosa lako. Mimi nalisoma tofauti kidogo. Kumbuka usiku ule wa kwanza. Wewe ni mtu mzima, herufi unazijua tangu utotoni, na ulikuwa unanakili tu, hukuwa unatunga. Hata hivyo kurasa mbili zilikuchukua zaidi ya saa moja. Bila shaka ulilazimika kuifikiria kila herufi, ianzie wapi, izunguke upande gani, iishie wapi. Bega lilikaza, vidole vikauma. Na kama katikati ya kazi ile ningekuuliza nukuu zile zinahusu nini, sidhani ungeniambia.

Hivyo ndivyo anavyoandika Amani kila siku, na kwa mkono wake wa kawaida. Katika nyumba yenu wewe peke yako, mbali na yeye, ndiye uliyewahi kuonja jambo hilo.

Kwa wengi wetu mkono huandika wenyewe huku kichwa kikiwaza. Kwa mtoto kama Amani mkono haujafika huko. Macho yanatafuta mstari, vidole vinatafuta umbo la herufi, mwili unatafuta namna ya kutulia kitini, na wakati huohuo sentensi inatakiwa isipotee. Inapotea. Ndiyo maana msimulizi hodari anageuka kuwa mwandishi wa mistari mitatu. Na ndiyo maana nakala ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza: misuli imechoka, na kurudia umbo lililokosewa hulikomaza kosa lenyewe. Hakuna uvivu hapo ninaouona mimi. Mtoto mvivu hafuti mpaka ukurasa uwe mweusi.

Kwa hiyo umeniuliza habari za tiba, ila naona mafundo matatu yamefungamana: mkono wa Amani, siri yenu wawili, na baba yake. Nianze na mkono, kwa sababu ukiuelewa huo, mengine yanalegea kidogo.

Mume wako anasema mtoto si mgonjwa. Nadhani mngeweza kukubaliana hapo, kwa sababu hata mtaalamu hakusema ni mgonjwa. Tiba kwa vitendo ilianza kujipanga kama taaluma huko Marekani mwaka 1917, na kazi yake ni kumwezesha mtu kufanya shughuli zinazoijaza siku yake. Kwa mtu mzima aliyepata kiharusi shughuli hiyo yaweza kuwa kuvaa shati. Kwa mtoto wa shule ni kucheza, kufunga kamba za viatu, kuandika. Watafiti wa Marekani mwaka 1992 waliketi madarasani wakipima muda, wakakuta watoto wa shule ya msingi wanatumia kati ya asilimia 31 na 60 ya siku yao ya darasani kwenye kazi za vidole, na sehemu kubwa ya hizo ni penseli na karatasi. Basi mtoto ambaye penseli inampiga vita hapigwi vita kwenye somo moja tu.

Ule mpira na vile vifungo havikuwa mchezo wa kupoteza muda. Mtaalamu alikuwa anatafuta kama ugumu uko kwenye kuandika peke yake au umeenea mwili mzima. Wako watoto ambao miondoko yote inawawia vigumu kujifunza, kudaka, kufunga vifungo, kutumia mkasi, bila kuwa na ugonjwa wowote wa misuli. Hali hiyo inakadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100, na wengi wao huitwa wazembe tu. Wako wengine ambao mwili wao ni mwepesi kabisa ila kuandika kunawashinda, na hiyo wataalamu huiita disgrafia. Sijui Amani yuko wapi, na kwa barua siwezi kujua. Ila nakuomba mrudipo mtaje jambo ambalo huenda hamkulitaja, ile "dada yangu" iliyokuwa "baba yangu." Watoto wengi huchanganya b na d wanapoanza, na kwa kawaida hali hiyo hupungua kufikia miaka saba au minane. Akiwa na miaka tisa bado inamsumbua, yafaa ajulikane pia anasomaje: je, akisoma kwa sauti anakwama? Ukimwambia alitaje neno herufi kwa herufi kwa mdomo, anapatia? Tatizo la kusoma linaweza kujificha nyuma ya mwandiko, na mazoezi ya mkono peke yake hayataligusa. Macho yapimwe pia, kama hayajapimwa. Na kama mwandiko wake uliwahi kuwa mzuri kisha ukaanza kuporomoka, au mkono unatetemeka, au upande mmoja wa mwili umekuwa dhaifu, hapo usingoje miadi ya mtaalamu huyu, nenda kwa daktari.

Sasa madaftari.

Unauliza umwambie mtaalamu ukweli au usimwambie. Nikuulize mimi: yule mtu aliyetazama ukurasa mmoja, akatazama mwingine, akakutazama wewe, unadhani hajui? Wanaofanya kazi hii wanaishi kwa kusoma miandiko ya watoto. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ameshaona mikono miwili, na ombi lake la madaftari yote huenda ni mlango alioufungua taratibu ili uingie mwenyewe. Naweza kuwa nimekosea. Lakini fikiria pia hatari ya kukaa kimya. Daftari ndiyo mizani yake. Akipima kwa daftari lako, Amani ataonekana mtoto mwenye mwandiko wa wastani, labda hahitaji msaada sana, labda muda wa ziada kwenye mtihani si lazima. Na baada ya miezi mitatu ya jasho hakuna atakayeweza kuonyesha kama ameendelea, kwa sababu mwanzo wake haukuandikwa.

Lile daftari la kwenye droo ndilo lenye thamani kwa mtaalamu. Ukiweza, pembeni ya kurasa zake andika muda kila moja ulivyomchukua, na alianza kukung'uta mkono kwenye mstari wa ngapi. Taarifa hiyo hakuna kipimo cha dakika ishirini kitakachompa.

Mwalimu ni jambo jingine, na hapo nakuelewa ukiogopa. Anaweza kuona amedanganywa mwaka mzima, na hasira hiyo ikamwangukia mtoto. Unaweza kumtanguliza mtaalamu, aende na ripoti kwanza, ukweli wako ufuate nyuma yake. Unaweza kwenda mwenyewe, peke yako, bila Amani, ukamwekea mwalimu mezani ukurasa halisi na saa iliyoandikwa pembeni. Au unaweza kuacha kuandika kimyakimya na kumwacha mwalimu ashangae, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa maana neno "umerudi nyuma" litaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la mtoto, si lako.

Ipo njia ya katikati ambayo nimeona baadhi ya familia wakiipita. Mama anaendelea kuandika, ila hadharani. Amani anaandika mistari miwili mitatu ya kwanza kwa mkono wake, iliyobaki anaitamka neno kwa neno, wewe unaiandika kwa mwandiko wako mwenyewe, mkono wa kulia, na chini unaweka: "Amesema Amani, ameandika mama." Kwa namna hiyo mwalimu anaona kile anachokijua mtoto na anaona pia mkono wake ulipofika. Lakini mwalimu anaweza kukataa. Na Amani anaweza kuona amevuliwa nguo mbele ya wenzake. Muulize yeye kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote. Hiyo siri ni yake pia, naye aliibeba bila kutabasamu.

Kuhusu mazoezi au kompyuta, umeniwekea mambo hayo kama njia panda, uende huku au kule. Sina hakika kama ni njia panda kweli. Watoto wengi hupita zote mbili kwa wakati mmoja: dakika chache za mkono kila siku, na kazi ndefu kwa njia nyingine, ili elimu isisimame ikisubiri vidole. Ila kila moja ina gharama yake ya muda na subira, na afadhali uijue mapema.

Mazoezi kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Canada walikusanya tafiti mbalimbali za kusaidia mwandiko wakazilinganisha. Walichokuta ni kwamba mbinu zisizokuwa na mazoezi ya kuandika kwenyewe hazikuboresha mwandiko, na mazoezi yaliyopungua vipindi 20 nayo hayakutosha. Nakutajia hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara mbili kwa wiki maana yake ni wiki kumi kabla hujaanza kuuliza kama inafaa, kwa hiyo usije ukavunjika moyo wiki ya tatu. Ya pili, inakupa swali la kumuuliza mtaalamu bila kumvunjia heshima: katika kila kipindi, Amani anaandika kwa dakika ngapi? Kufinyanga udongo na kutunga shanga kunaweza kumfurahisha na kumtayarisha mtoto, lakini kama miezi inapita na hajagusa penseli, unayo haki ya kuuliza kwa nini.

Muulize pia kama Amani mwenyewe atachagua lengo. Iko mbinu iliyoanzia Canada ambamo mtoto hufundishwa hatua nne za kujiongoza: lengo, mpango, tenda, kagua. Kwa mfano, mtoto anajiambia: Nataka maneno yangu yaachane. Mpango wangu ni kuweka kidole kati ya neno na neno. Naandika. Nakagua, je, yameachana? Kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu kama "hatutawasahau," kujua neno linaishia wapi si kazi ndogo, na mtoto anayekata neno vipande vitatu anahitaji mpango, kemeo halimsaidii. Mtoto anayeamua mwenyewe analotaka kulirekebisha hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa kuliko yule aliyebebwa kama mzigo. Na ukitaka kujua kwa nini hataki kurudi kule, kabla ya kudhani ni uchungu wa mazoezi, chunguza wanamwita saa ngapi. Kama anatolewa darasani wakati wa hadithi au wa michezo, huenda anachokikataa ni kuikosa hadithi.

Nyumbani dakika kumi zinatosha, na ziishe kabla mkono haujawaka moto. Tazama anavyokaa: nyayo ziguse chini, au ziwekewe kitu cha kukanyaga, meza iwe juu kidogo tu ya viwiko. Karatasi ilale kwa mshazari, kwa anayetumia mkono wa kulia iinamie kushoto, na mkono wa pili uishike isihame. Kwa kukandamiza, mtandikie kitambaa kilichokunjwa chini ya karatasi. Akikandamiza penseli inatoboa, na karatasi yenyewe inamwambia, huhitaji kumwambia wewe.

Na jambo moja ambalo mnaweza kuliacha lipumzike ni ugomvi wa namna ya kushika penseli. Utafiti wa mwaka 2012 kwa watoto wa darasa la nne, umri wa Amani, uliangalia mishiko minne ya penseli iliyo ya kawaida na haukukuta tofauti katika kasi wala usomekaji. Kama anavyoishika hakumuumizi, mshiko si adui yenu. Kama kunamuumiza, mtaalamu atashughulika nako.

Kompyuta nayo si kukata tamaa, wala si wokovu wa siku moja. Mtoto anayetafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja huenda polepole kuliko anayeandika kwa mkono, na kichwa chake kinazama kwenye kutafuta herufi vilevile kama kilivyozama kwenye kuichora. Kuchapa kunafundishwa, kunataka miezi yake. Kuna hatari pia ya kumpa mapema mno na kuacha kabisa kalamu, kwa sababu atahitaji siku zote kuandika jina lake, namba, ujumbe mfupi, na ziko kazi kama za hesabu ambazo kibodi haizibebi vizuri. Na kuna hatari ya kuchelewa mno: mtihani mkubwa unafika, ruhusa haijaombwa, mtoto hajazoea. Shule nyingi hutaka kuona kwamba mtoto alikuwa akitumia msaada huo darasani kabla ya kumruhusu nao kwenye mtihani. Anzeni kuuliza sasa, hata kama hamjaamua.

Nimefika kwa baba yake, na hapa nataka kutembea polepole.

Umeniandikia kwamba mambo ya karatasi hayamkai, na fomu hukuachia wewe ujaze. Labda ni kazi tu mlizogawana, nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini matatizo ya kuandika na kusoma mara nyingi huonekana zaidi ya mara moja katika ukoo mmoja, na mtu anayesema alichapwa mpaka akanyooka, kisha mpaka leo hajazi fomu, ananifanya nijiulize kama kweli alinyooka, au alijifunza tu kuikwepa karatasi. Nakuomba sana usiitumie sentensi yangu hii kama fimbo kwenye ugomvi. Ukimwambia "na wewe una tatizo hilo," atafunga mlango, na aibu aliyoificha miaka yote itageuka ukali kwa mtoto. Siku mmetulia, labda umwombe akusimulie. Alikuwa anachapwa kwa makosa gani? Ilikuwaje kukaa kwenye dawati lile? Kisha nyamaza. Anaweza kukupa kicheko tu. Anaweza kukupa jambo ambalo hujawahi kulisikia tangu mfunge ndoa. Baba anayekumbuka namna ilivyouma hupinga tofauti na baba aliyeamua kwamba haikuuma.

Au uanze na ukurasa. Mwonyeshe ukurasa mmoja wa daftari la kwenye droo, umwambie mtoto alichukua saa nzima. Huenda hajawahi kuuona. Kwa mwaka mzima na yeye amekuwa akiletewa daftari lako.

Umeniuliza kama wewe ndiye uliyemharibu. Mkono wake ulikuwa hivyo kabla hujashika kalamu. Ulichofanya kilimpa usingizi mtoto aliyelala juu ya daftari, na sitakudharau kwa hilo. Kilimfundisha pia, bila wewe kutaka, kwamba mwandiko wake ni kitu cha kufichwa chini ya nguo. Yote mawili ni kweli, na unaweza kuyashika yote mawili bila kujitupa.

Limebaki swali lake, "Kwani wewe si utaendelea kuniandikia?" Umelisikia kama swali la mtoto aliyezoea kubebwa. Inawezekana. Mimi nalisikia pia kama mtoto anayeuliza, nikianza kushindwa mbele ya watu, utakuwepo? Unaweza kumjibu kwamba utaandika naye, mezani, taa ikiwa inawaka, na kwamba mkono wako wa kushoto umechoka. Ndiyo, mwambie habari za mkono wa kushoto. Mwonyeshe. Chukueni karatasi wote wawili, aandike sentensi yake na wewe uandike kwa kushoto, mtazame zinavyofanana, na umwambie jinsi ilivyokuwa ikiuma. Nadhani hajawahi kumpata mtu wa kumwambia "najua" akamwamini.

Ukiniandikia tena, nitafurahi kujua mtaalamu alisemaje ulipolitoa daftari la pili. Na kama Amani atakubali kuchagua lengo, niambie alichagua kuandika nini.

Wako,
Shangazi